Kufufua mkanda wa ngozi wa kunolea wembe

Maelezo haya ni kwa anayetumia wembe wa kukunja na amepata mkanda wa zamani uliokauka, una uchafu unaong'aa na umekatwakatwa pembeni. Usiutupe bado.

1. Ukague. Ulaze mezani, upitishe ukucha juu yake taratibu. Pale unapokwama pana mkato au chembe ya mchanga. Mikato ya pembeni si neno. Ule mrefu wa katikati, uliozama hadi nusu ya unene, usihangaike nao. Tafuta ngozi nyingine nzito ya ng'ombe isiyopakwa rangi.

2. Uoshe. Lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, kikamue, kisugue kwenye sabuni ya gliserini mpaka kitoe povu, ndipo usugue ngozi. Povu ndilo linalong'oa uchafu, kwa hiyo mkanda usiingie kwenye beseni. Futa, rudia mpaka kitambaa kisichafuke tena. Uache kivulini, umelala, mpaka kesho yake. Juani utakakamaa na kupinda.

3. Piga msasa. Zungushia msasa kwenye kipande cha ubao bapa. Namba 220 ni ya mikato tu. Uso mzima umalizie na 400, kwa urefu, bila kukandamiza. Kinachoharibu makali ni midomo ya mkato iliyoinuka. Ukishaisawazisha, ufa unaobaki chini haugusi wembe, uache. Pangusa vumbi lote, maana chembe za msasa hukwaruza chuma.

4. Mafuta. Hapa ndipo mikanda mingi inapouawa. Tia matone mawili matatu ya mafuta ya kwato za ng'ombe kiganjani, sugua ngozi mpaka kiganja kipate joto, basi. Mafuta ya kupikia hapana, yatachacha na kunuka. Ngozi iliyoshiba mafuta huteleza tu, nawe unataka iushike wembe kidogo.

5. Unoe. Vuta mkanda ukazike. Ukilegea, utabonyea na kufanya makali yawe butu. Laza wembe bapa, mgongo na makali viguse ngozi pamoja, usogeze mgongo ukitangulia. Ukifika mwisho, ubingirishe juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Mikato mingi ya mikanda ya zamani ilianzia kwenye kosa hilo. Kama mkanda wako una upande wa turubai, yaani kitambaa kizito kilichofungwa pamoja na ngozi, anza nao, mara 20 kwenda na kurudi, kisha ngozi mara 50. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Ile dawa ya kijani ya oksidi ya kromu, inayokwangua chuma kidogo sana ili kunoa makali, ipake turubai, au mkanda mwingine wa kazi hiyo tu, lakini ngozi ya kila siku ibaki tupu.

Kabla ya kila kunoa, isugue ngozi kwa kiganja kikavu. Joto na mafuta ya mkono huitosha kwa wiki nyingi. Utundike mkanda wima, usiukunje, na usiuache bafuni. Ukiota ukungu, upanguse nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, kisha rudi hatua ya 2.