Ukitathmini nadharia ya Freud, usiishie kuandika "haipimiki"

Jana nimemsaidia mdogo wangu hapa Mtwara na insha ya saikolojia, nikaona niwaachie hili. Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alidai kwamba mtoto wa kiume hushindana moyoni na baba yake kwa ajili ya mama, na kwamba hisia hizo zikifichika zinaweza kujitokeza kama hofu. "Haipimiki" peke yake haina uzito. Onyesha nadharia inavyoponyoka. Mchukue kijana wa Mikindani anayeogopa bahari. Akisema anamchukia baba yake, mchambuzi atasema chanzo ndicho hicho. Akisema anampenda, ataambiwa chuki kaizika asikoijua mwenyewe. Kila jibu ni ushindi, kama mganga asiyekosea. Hapo ndipo mwanafalsafa Karl Popper alipoikaba.

Halafu mtaje Hans, mtoto wa miaka 5 aliyeogopa farasi, kisa alichokichapisha Freud mwaka 1909 akidai kwamba hofu ya farasi ilikuwa kweli hofu ya baba. Habari zake nyingi zilimfikia Freud kwa barua za baba wa mtoto, naye baba alikuwa mfuasi wake! Na kwetu, kwa Wamakonde na Wamwera, ambako kijadi mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mtoto, huo ushindani na baba unasimamaje? Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alishauliza swali kama hilo visiwani Trobriand, huko Pasifiki.

Sifa zake ziandike pia, kwa ufupi: tiba ya mazungumzo, na utoto kupewa uzito.