Kuosha paneli za shamba la sola bila kumaliza maji

Shamba la sola la Garissa, Kenya, la megawati 50, lina paneli zaidi ya 200,000. Hata ukibana matumizi hadi lita moja kwa paneli, kuziosha zote mara moja ni lita 200,000, yaani maboza 20 ya lita 10,000, tena katika eneo kame. Basi usioshe kwa kalenda. Pima kwanza.

Tenga paneli mbili za aina moja, zenye mwinamo uleule, zisizofungwa kwenye inveta (mashine inayogeuza umeme wa paneli uweze kutumika kwenye gridi). Moja ifutwe kila asubuhi, nyingine iachwe na vumbi lake. Saa sita mchana, mbingu ikiwa haina wingu, pima ampea za shoti za kila moja, yaani mkondo wa paneli ncha zake mbili zikiunganishwa moja kwa moja kupitia kipimo. Safi ikitoa 8.8 na chafu 8.3, unapoteza karibu asilimia 6. Piga hesabu ya umeme utakaopotea hadi mvua inyeshe. Thamani ya umeme huo ikizidi gharama ya maboza na vibarua, osha. Mvua kubwa itakusaidia kazi. Manyunyu ndiyo adui: yanageuza vumbi kuwa tope.

Tope hilo hushuka na kuganda juu ya fremu ya chini, ukanda wa vidole viwili tu. Seli za paneli huunganishwa ndani kwa makundi matatu. Paneli ikiwa imefungwa wima, upande mrefu ukielekea juu, ukanda huo unagusa seli za makundi yote matatu, na yote yanadhoofika. Ikiwa imelazwa, upande mrefu ukiwa chini, huathirika kundi moja tu. Kwa hiyo paneli za wima zianze, na brashi ikazie ukingo wa chini. Kinyesi cha ndege kilowekwe kwanza, kisikwanguliwe: seli iliyofunikwa peke yake hupata joto na inaweza kuungua.

Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe usiotoka kwa brashi. Yachujwe chumvi, au ufute kwa brashi kavu laini. Anza alfajiri, umalize kabla kioo hakijapata moto, maana maji baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua. Mtu asikanyage paneli, wala paneli yenye ufa isimwagiwe maji: mstari mmoja wa paneli zilizoungwa pamoja unaweza kubeba volti 1,000 hadi 1,500.

Inveta ikigoma kuwaka asubuhi hiyo na kuonyesha hitilafu ya insulesheni (umeme unavuja kwenda ardhini), usiifungue. Kagua mstari uliooshwa mwisho: konekta (kiungo cha nyaya) iliyoingia maji, au ule ufa ulioupita gizani.