Kunywa au kuendesha: namna ya kuamua kabla ya glasi ya kwanza

Dereva anayekwenda mahali penye pombe huwa na swali moja kichwani: ninywe kiasi gani nisije nikavunja sheria? Mwongozo huu utalijibu swali hilo kwa kadiri linavyojibika, lakini ni haki ya msomaji kuujua msimamo wake tangu mwanzo. Siku ambayo utashika usukani, kiasi kinachofaa ni sifuri, na uamuzi huo unatakiwa ufanywe ukiwa bado hujaonja chochote. Kikomo kilichoandikwa katika sheria kinamsaidia hakimu kujua ni nani wa kuadhibiwa. Hakikuwekwa ili mnywaji apate kipimo cha kujaza.

Kikomo cha sheria kinasema nini

Nchi nyingi hupima kiasi cha kileo kilichomo katika damu. Norwei iliweka kikomo cha namna hii mwaka 1936, kikiwa asilimia 0.05, yaani takriban miligramu 50 za kileo katika kila mililita 100 za damu, na mwaka 2001 ikakishusha hadi 0.02. Uswidi nayo hutumia 0.02, Japani 0.03. Uingereza iliweka miligramu 80 mwaka 1967, na Uskoti ikajitenga na kiwango hicho Desemba 2014 ilipoteremka hadi 50. Nchini Marekani majimbo yalikubaliana juu ya 0.08, kisha Utah ikashuka hadi 0.05 mwishoni mwa mwaka 2018. Brazili, Hungaria na Ucheki hazimruhusu dereva kuwa na kileo chochote. Ujerumani huruhusu chini ya 0.05, isipokuwa kwa dereva mwenye leseni mpya na kwa yeyote ambaye hajatimiza miaka 21, ambao hawaruhusiwi hata tone.

Kabla ya jambo lingine lolote, basi, tafuta kiwango cha nchi unamoendesha, na usiishie kwenye ile namba moja inayotajwa na kila mtu. Angalia kama daraja la leseni yako lina kikomo chake, kwa kuwa madereva wa mabasi, malori na magari ya kukodi mara nyingi hubanwa zaidi kuliko wengine, na madereva wapya vilevile. Ukivuka mpaka, sheria inayokuhusu ni ya nchi uliyoingia. Angalia pia adhabu ya kukataa kupimwa, ambayo katika nchi nyingi hailegezwi kuliko adhabu ya kukutwa umezidisha, na usome masharti ya bima yako, maana mikataba mingi humnyima malipo ya gari lake dereva aliyegonga akiwa amelewa.

Tofauti za viwango hivyo zinafundisha jambo. Mwili wa binadamu haubadiliki mtu anapovuka mpaka. Kinachobadilika ni hatari ambayo kila nchi imekubali kuivumilia. Robert Borkenstein, Mmarekani aliyevumbua mwaka 1954 kifaa cha polisi cha kupima pumzi, aliongoza utafiti katika mji wa Grand Rapids, matokeo yake yakatolewa mwaka 1964. Ulilinganisha madereva waliopata ajali na madereva wengine waliopita mahali palepale katika saa zinazofanana, na ukaonyesha jinsi hatari inavyopanda kadiri kileo kinavyoongezeka katika damu. Tafiti za baadaye huko huko Marekani zimekadiria kwamba hatari ya ajali huwa takriban mara mbili kwenye 0.05 na takriban mara nne kwenye 0.08. Anayeendesha akiwa na 0.079 mahali ambapo kikomo ni 0.08 hana kosa mbele ya sheria ya kiwango, lakini amejiongezea hatari karibu mara nne, yeye na kila aliyeko barabarani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo kisizidi 0.05 kwa madereva wote, na 0.02 kwa vijana na wenye leseni mpya.

Kwa nini hesabu ya mezani haikufai

Hesabu yenyewe ipo. Mwaka 1932 mwanasayansi wa Uswidi, Erik Widmark, alieleza namna ya kukadiria kileo katika damu, na kanuni yake hutumika mpaka leo. Kwanza unapata uzito wa kileo: chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25 za kileo halisi, na kwa kuwa kileo ni chepesi kuliko maji, hizo ni karibu gramu 20. Halafu unagawanya kwa uzito wa mwili uliopunguzwa kulingana na maji yaliyomo mwilini, ambapo kwa wanaume huzidishwa na takriban 0.68 na kwa wanawake 0.55.

Tuwachukue watu wawili waliokaa meza moja. Mwanamke wa kilo 60 akinywa chupa moja tu ya bia hiyo kwa haraka, kanuni inampa takriban asilimia 0.06, maana yake katika nchi zenye kikomo cha 0.05 ameshazidisha kwa chupa moja. Mwanamume wa kilo 70 kwa chupa hiyohiyo anapata 0.04, na akiongeza ya pili anafika 0.08. Usemi kwamba "mbili hazina neno", unaopitishwa mezani kana kwamba ni kifungu cha sheria, haumfai hata mmoja wao.

Na hayo ni makadirio yaliyofanywa kwa utulivu, kwa vipimo vinavyojulikana. Katika hali halisi glasi ya divai hujazwa tena kabla haijaisha, bia zina nguvu zinazotofautiana sana, na mkono wa mtu anayemmiminia mgeni wake pombe kali haupimi mililita. Chakula huchelewesha kileo kuingia katika damu, jambo linalowapa wengi utulivu wa uongo. Kwa kawaida kiwango hufika kileleni kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya kunywa, na kwa tumbo lililojaa huweza kuchelewa zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuondoka akijisikia yuko sawa kabisa, kumbe kileo bado kinapanda, na kilele chake kitamkuta njiani. Vipima pumzi vidogo vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani vina udhaifu huohuo: hata kikisoma sawasawa, na vya bei nafuu mara nyingi havisomi sawasawa, kinakueleza hali ya dakika hiyo tu.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito kuliko zote. Kileo hugusa mapema uwezo wa kupima mambo, na huo ndio uwezo ambao dereva angeutumia kujiuliza kama anafaa kuendesha. Kwenye 0.02 tayari macho hufuatilia kwa shida kidogo vitu vinavyotembea, na kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja huanza kulegea. Mwenyewe hahisi hivyo. Anahisi amechangamka, mikono imetulia, njia anaijua. Mnywaji aliyezoea ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwa sababu mazoea humfanya asionekane mlevi wala asijione mlevi, ilhali damu yake ina kileo kilekile.

Fikiria gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Kila sekunde linakula mita 22. Dereva akichelewa nusu sekunde tu kuhamisha mguu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, gari limekwenda mita 11 zaidi kabla breki haijaanza kushika. Mtoto anayevuka barabara mita 10 mbele ya mahali ambapo gari lingesimama hana cha kufanya na nusu sekunde hiyo. Yote imo mikononi mwa dereva.

Namna ya kupanga safari ya kurudi

Amua mapema, na uamue juu ya gari, wala si juu ya idadi ya chupa. Mpango wa "nitakunywa kidogo" huvunjika kwa sababu unamtaka mtu aliyeanza kunywa aulinde. Mpango wa "gari linabaki nyumbani" hauhitaji ulinzi wowote. Ukitaka kunywa, nenda kwa usafiri mwingine, na ule wa kurudi uujue kabla hujaondoka: nani atakuchukua, saa ngapi, na akishindwa utamwita nani. Weka nauli kando, na hakikisha simu ina chaji.

Mkienda kundi, chagueni mmoja asiyekunywa kabisa. Nasisitiza kabisa, kwa kuwa makundi mengi humwachia usukani yule aliyekunywa kidogo kuliko wengine, na kidogo hicho hupimwa kwa kulinganishwa na walevi. Dereva wenu na ajulikane na kila mmoja tangu mwanzo, anunuliwe anachotaka kisicho na kileo, na asisukumwe kuonja. Anapoulizwa kwa nini hanywi, "naendesha" ni jibu kamili, na aliyekaribisha wageni anayelisikia hana sababu ya kubembeleza.

Dereva wa pikipiki asijidhani yuko nje ya haya kwa kuwa chombo chake ni kidogo. Chombo cha magurudumu mawili kinategemea msawazo wa mwili, na msawazo hauvumilii kileo.

Hesabu pia vitu vinavyoungana na pombe. Dawa za usingizi na za wasiwasi kama diazepamu, dawa za mafua zinazoleta usingizi, na za maumivu zenye kodeini huzidisha athari ya kileo hata kikiwa kidogo. Uchovu nao ni hivyo hivyo: tafiti zimeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kwa udhaifu unaokaribiana na wa mtu mwenye 0.05, hata kama hajanywa chochote.

Ukiwa tayari umekunywa

Gari libaki lilipo. Muombe aliye mwenyeji wa mahali hapo akuruhusu kuliacha, mpe funguo mtu asiyekunywa, na uondoke kwa njia nyingine au ulale hapo. Usiondoke kwa miguu peke yako kwenye barabara yenye giza, maana mlevi anayetembea kando ya magari naye yumo hatarini. Ukifikiria kulala ndani ya gari, jua kwamba katika baadhi ya nchi kukaa garini ukiwa umelewa huku una funguo ni kosa hata bila kuwasha injini, na kwamba kulala injini ikiwaka mahali pasipo hewa kunaweza kuua kwa moshi wake.

Usihangaike na kahawa, maji ya baridi, kutapika au kutembea uwanjani. Kahawa inaweza kumfumbua macho mlevi, lakini damu yake haibadiliki. Ini huondoa kileo kwa mwendo wake, wastani wa asilimia 0.015 kwa saa, na halihimizwi.

Kumzuia mwenzako ni kazi ngumu zaidi, na inafaa ianze kabla hajafika kwenye gari. Mchukue pembeni mbali na wengine, usimwite mlevi, usibishane naye kuhusu idadi ya chupa. Mpe njia nyingine iliyo tayari: "Kaka, funguo zibaki hapa, gari limeshafika, tunakwenda pamoja." Kwa mtu mzima aliyekuzidi umri, mtafute mtu wa rika lake au ndugu anayemsikiliza azungumze naye. Akikataa, usipande gari lake, usimruhusu mtoto yeyote apande, na ikionekana anaondoka kweli, piga simu polisi. Atakasirika. Uhusiano unaweza kutengenezwa baadaye akiwa hai.

Asubuhi inayofuata

Hapa ndipo watu waangalifu hukosea. Mtu ameacha gari, amelala, ameoga, amekunywa chai, na anaamini yamekwisha. Rudi kwa wale wawili wa mwanzo, kila mmoja akinywa chupa nne za mililita 500 kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita. Kwa wastani wa ini, mwanamume wa kilo 70 anahitaji takriban saa 11 tangu alipoanza, kwa hiyo damu yake inasafika karibu saa moja asubuhi. Mwanamke wa kilo 60 anahitaji takriban saa 16, ambazo zinamfikisha saa sita mchana. Wapo ambao ini lao huondoa 0.010 tu kwa saa. Mwanamume wa aina hiyo atafika adhuhuri bado ana kileo. Anayesimamishwa saa kumi na mbili alfajiri akiwapeleka watoto shule anaweza kupatikana na kosa la usiku uliopita, na hangover yenyewe, pamoja na usingizi uliokatika, inampunguzia umakini hata kileo kikiwa kimeisha.

Kwa hiyo, unapojua una safari kesho, hesabu ya kufanya ni ya kurudi nyuma: angalia saa ya kuondoka, na ukiona usiku hautoshi, ama usinywe ama usogeze safari. Waambie abiria wako usiku huohuo kwamba mtaondoka mchana badala ya alfajiri, au mtafute mtu mwingine wa kuendesha sehemu ya kwanza ya njia, na umkabidhi funguo kabla ya kwenda kulala.