Kupanga maonyesho ya Nam June Paik: anza na TV za chogo

Nam June Paik, Mkorea aliyezaliwa Seoul mwaka 1932, aliigeuza televisheni kuwa sanaa. Ukipewa maonyesho ya kazi zake za maisha, kabla ya kugusa kuta chukua orodha, na kila kazi iulize: TV hii ndiyo kazi yenyewe, au ni chombo cha kuonyeshea picha tu? Hapo ndipo utajua kipi kinabadilishika.

Magnet TV ya 1965 haibadilishiki. Sumaku nzito juu ya seti isiyo na rangi ya inchi 17 hupindisha miale ya elektroni ndani ya bomba la picha, na ile mikunjo myeupe unayoiona kiooni ndiyo mchoro wenyewe. TV bapa haina miale hiyo. Utaiwekea sumaku bure. TV ya rangi nayo usiijaribu: nyuma ya kioo chake kuna wavu mwembamba wa chuma unaoshika usumaku, na madoa ya kijani na zambarau hubaki hata sumaku ikiondolewa.

TV Buddha ya 1974 ina uhuru zaidi, kwani kamera inaweza kuwa mpya. Sanamu ya Buddha iketi ikitazamana na TV, kamera isimame nyuma ya TV, lenzi ikichungulia juu kidogo ya kisanduku. Sanamu hujitazama papo hapo kwenye TV; hakuna mkanda wala rekodi. Tumia waya wa koaksia wa omu 75 na uupeleke moja kwa moja kwenye tundu la video la analogia. Ukipitisha kwenye kigeuzi cha dijitali, picha huchelewa kwa fremu kadhaa. Mgeni anayeinama kando ya sanamu atajiona amechelewa, na kazi imeharibika kabisa. Picha ikiwa nyeupe kupita kiasi, angalia swichi ya omu 75 nyuma ya TV, huenda imezimwa. Taa iangukie sanamu kutoka ubavuni, isipige kioo.

Kuhusu umeme, seti za Marekani hutaka volti 120. Transfoma itashusha 230, lakini haitageuza mizunguko 50 kwa sekunde kuwa 60, hivyo mstari hafifu unaweza kupita kwenye picha. Seti nyingi za rangi ziwashwe safu kwa safu. Koili ya kuondoa usumaku hufyonza umeme mwingi sekunde za kwanza, na zikiwaka zote kwa mpigo swichi kuu hukatika.

Bomba la rangi hubeba takriban volti 25,000, na chaji hubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Kifuniko asifungue mtu mwingine ila fundi wa TV za chogo. Wabebaji wawe wawili, kioo kikielekea kifuani, na shingo ya bomba isishikwe kamwe: ikivunjika, hewa huingia ghafla na vioo huruka.

Nunua seti za akiba mapema. Kazi yake The More the Better ya 1988, yenye TV 1,003, ilizimwa mwaka 2018 na kuwaka tena 2022, na baadhi ya mabomba ilibidi yapishe paneli bapa kwa sababu mengine hayakupatikana.