Ndege ndogo kwenye changarawe: anza na mguu wa mbele

Alaska, ndege ndogo za kutua thelujini huvalishwa skii (vibao virefu vya kutelezea), na rubani hukagua kwanza waya na kamba za mpira zinazozuia ncha ya skii isiiname angani. Kigoma na Tabora adui ni changarawe na tope. Mzigo unabaki kwa miguu ya magurudumu, na kwenye Cessna 172, 182 au 206 mguu wa mbele ndio dhaifu.

Ukishazima injini, toa ufunguo wa magneto (kifaa kinachotoa cheche za injini), kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa mbele wa kila panga la propela. Pengo lililochimbwa na jiwe, hasa karibu na ncha, ndipo ufa unapoanzia. Fundi hulilainisha kwa tupa. Usiruke ukisubiri "matengenezo yajayo".

Futa tope kwenye bomba la shokapu la mbele likiwa bado bichi, maana mchanga mkavu hukata sili (mpira unaozuia uvujaji), mafuta na naitrojeni vikatoka, pua ikashuka. Ndege ya gurudumu la mbele hutakiwa kuwa na angalau sentimita 18 kati ya ncha ya propela na ardhi. Pua iliyolala huzila hizo sentimita, halafu shimo moja tu linamaliza kazi.

Pedali zikitetemeka wakati wa kutua, usilaumu kiwanja upesi. Inua pua kwa kukandamiza mwili wa ndege mbele ya bawa dogo la mkia (si bawa lenyewe, bati lake ni jembamba), mwenzako alitikise gurudumu kushoto na kulia. Likicheza ovyo, bushi za mikono ya mkasi (vyuma viwili vinavyokunjana kwenye mguu wa mbele) zimelika au kizuia mtetemo kimeishiwa mafuta. Upepo mdogo wa tairi nao huleta hilo. Upime asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha kitabu cha ndege hiyo. Tabora ni kama mita 1,180 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo kwa mwendo uleule kwenye saa ya kasi unagusa ardhi kwa kasi zaidi ya asilimia 6 hivi kuliko pwani, na joto la Oktoba huongeza.

Tazama mstari wa rangi uliochorwa kutoka rimu hadi tairi. Ukiachana, tairi limezunguka na linaivuta valvu ya tyubu. Matone mekundu kwenye breki ni haidroliki inayovuja. Usijazie mafuta ya breki ya gari hata kwa dharura: huharibu sili zote. Pedi za breki za Cleveland (aina ya breki za ndege ndogo) hubadilishwa zikifika milimita 2.5. Masika vua vifuniko vya magurudumu, tope hujaa humo likakaza tairi.

Ukitua kwa pua, fungua boneti utazame ukuta wa moto (bati linalotenganisha injini na chumba cha rubani) upande wa chini: bati lililokunjamana au ribiti zilizolegea maana yake ndege hairuki. Propela ikigusa ardhi, hata injini isipozimika, mwite fundi aikague injini yenyewe pia.

Kuondoka, pima injini penye ardhi ngumu iliyofagiwa. Usisimame juu ya changarawe ukivuta nguvu zote. Iache itembee, usukani umeuvuta nyuma, ndipo uongeze gesi taratibu.