Jinsi ya kumpima fundi mpya wa bastola za kuagiza kabla hujatoa arubuni

Marekani haikosi karakana mpya za watu wawili watatu zinazotengeneza bastola za kuagiza, yaani bastola inayofungwa na kusuguliwa kwa mkono kwa matakwa ya mteja mmoja. Nyingi ni za mtindo wa 1911, ile ya John Moses Browning iliyopokelewa na jeshi la Marekani Machi 1911 na kubaki kiunoni mwa askari mpaka Beretta ilipochukua nafasi mwaka 1985. Hataza zake zilikwisha zamani, kwa hiyo mwenye leseni yeyote anaweza kuitengeneza. Na upya si dosari. Wilson Combat, leo karakana yenye jina kubwa, ilianza 1977 ndani ya duka la vito la familia huko Berryville, Arkansas, na Nighthawk Custom ikazaliwa mji huo huo mwaka 2004 kwa mikono ya watu waliotoka Wilson.

Mimi nafanya kazi kwenye duka lenye leseni Texas. Bastola iliyonunuliwa jimbo jingine haiji mlangoni kwako. Inakuja kwetu, tunaiandikisha, wewe unajaza Fomu 4473 ya mnunuzi wa silaha, rekodi zako zinapekuliwa kwenye mfumo wa FBI, ndipo unakabidhiwa. Kwa hiyo kazi za mafundi wengi zinapita mikononi mwangu. Miongoni mwa wateja wangu wapo Watanzania, Wakenya na Wakongo wenye kadi ya kijani au uraia waliopenda mchezo wa shabaha, na swali lao huwa hilo hilo: "Kaka, huyu fundi mpya vipi, nimpe hela?" (Mwenye viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida sheria ya shirikisho haimruhusu kumiliki silaha, isipokuwa kwa vighairi vichache. Kama ndiyo hali yako, ongea na mwanasheria kabla ya kuongea na fundi.)

Jambo moja likae kichwani muda wote. Bastola ya dola 600 ya kiwandani na ya dola 5,000 ya kuagiza zina vipande karibu vile vile. Tofauti inayolipiwa ni saa za mtu mwenye tupa mkononi. Kumpima fundi, basi, ni kufuatilia saa hizo zimekwenda wapi.

Hatua ya 1: Tafuta leseni yake

Hii ni ya dakika kumi. ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, huchapisha orodha ya wenye leseni wa kila jimbo. Tafuta jina la karakana, kisha tazama aina ya leseni. Anayetengeneza silaha za kuuza anatakiwa awe na aina ya 07. Aina ya 01 ni ya muuzaji na fundi wa matengenezo: anaruhusiwa kuirekebisha bastola yako mwenyewe, lakini kununua fremu (kiwiliwili cha bastola), kuzifunga na kuziuza kama bastola mpya ni utengenezaji, na leseni hiyo haitoshi. Ukimuuliza akaanza longolongo kwamba "tunatumia leseni ya rafiki", funga mazungumzo.

Angalia pia usajili wa biashara kwenye ofisi ya jimbo lake. Kampuni iliyofutwa kwa kutowasilisha taarifa za mwaka inakueleza jinsi mwenyewe anavyotunza daftari.

Hatua ya 2: Hesabu bastola zake

Hatua hii wengi hawaijui, nami naipenda kuliko zote. Kila mwenye leseni ya utengenezaji analazimika kuiarifu ATF kila mwaka ametoa silaha ngapi, na ATF huzitoa takwimu hizo hadharani baada ya mwaka kupita. Utaona jina, mji, na idadi ya bastola kwa makundi ya kaliba, yaani kipenyo cha risasi. Karakana inayojitangaza kwamba ina "mamia ya wateja" huku taarifa inaonyesha bastola 11, umeshapata jibu. Fundi mpya kabisa hatakuwemo bado, na hilo si kosa lake.

Sasa piga hesabu. Tuseme bastola moja inakula saa 40 za mkono. Mtu mmoja anayefanya kazi saa 2,000 kwa mwaka atatoa 50, bila kuugua, bila kupiga soga na wateja kwenye simu. Kama amepokea oda 120 na anakuahidi miezi minane, ama saa za kila bastola si 40, ama miezi si minane. Muulize kwa adabu ni lipi kati ya hayo. Fundi mkweli atakwambia bila kona: "Miaka miwili na kitu, bwana."

Halafu kuna namba 50 yenyewe. Serikali hutoza kodi ya asilimia 10 kwa bastola mpya, lakini anayetengeneza chini ya silaha 50 kwa mwaka husamehewa. Kwa hiyo usishangae karakana ikikaa kwenye arobaini na kitu mwaka baada ya mwaka. Siku itakapovuka, bei itapanda, na ni vizuri kujua mapema kama bei uliyopewa itabaki ile ile.

Hatua ya 3: Muulize anatengeneza nini, ananunua nini

Kununua vipande si aibu. Fundi cherehani hafumi kitambaa. Mafundi wengi wanaoheshimika huchukua fremu na slaidi (sehemu ya juu inayokwenda na kurudi) kwa Caspian, mtutu kwa Kart au Bar-Sto, vipande vidogo kwa EGW, kisha wao huingiza ufundi wa kuvioanisha. Kinachonitia shaka ni anayesema "kila kitu ni chetu" wakati karakana yake kwenye picha ina vaisi moja na mashine ya kung'arisha.

Maswali ninayouliza ni haya. Fremu ni ya chuma cha kufua, cha kumimina kwenye kalibu, au imechongwa kutoka pande zima? Zote zinaweza kuwa nzuri, nataka tu jibu lisilo na kigugumizi. Vipande vya ndani, hasa ekstrakta (kinachovuta ganda kutoka chemba) na kishikizo cha nyundo, ni vya chuma kigumu kilichochongwa, au ni unga wa chuma uliobanwa kwenye kalibu na kuchomwa tanuruni? Hivi vya unga vipo kwenye bastola nyingi za kiwandani na vinafanya kazi, ila mtu anayelipa dola 5,000 asivikute ndani bila kuambiwa. Na mtutu ulikuja ukiwa tayari kuwekwa, au ulikuja na nyama ya ziada ya kusugua? Hapa ndipo saa zinapojulikana. Mtutu wenye nyama ya ziada hauingii mpaka mtu akae nao, atoe kidogo kwa tupa, ajaribu, atoe tena.

Fremu ilitengenezwa na nani unaweza kulihakiki, kwa sababu sheria inataka jina na mji wa mtengenezaji viandikwe kwenye silaha yenyewe. Omba picha ya karibu ya fremu, siyo ya pembeni yenye mwanga wa studio.

Bastola ya 9mm muulize zaidi. 1911 iliundwa kwa ajili ya risasi ndefu ya .45, na kuifanya imeze risasi fupi bila kukwama ni kazi ya pekee. Fundi asiyekuwa na la kusema kuhusu magazini anazotumia kwa 9mm bado hajapiga risasi za kutosha.

Hatua ya 4: Mkataba na hela

Mali bila daftari hupotea bila habari. Omba kwa maandishi: arubuni kiasi gani, inarudishwa au hairudishwi, tarehe ya kukamilisha, na nini kitatokea tarehe ikipita. Arubuni ya theluthi naielewa, kwa kuwa vipande vinanunuliwa kwa jina lako. Kulipa yote mwanzoni kwa oda ya miaka miwili sikubali, hata kama ni Mswahili mwenzetu.

Wengi hujiliwaza kwamba wamelipa kwa kadi, kwa hiyo benki itawalinda. Sheria ya shirikisho inakupa siku 60 tangu taarifa ya kadi itumwe kupinga malipo kwa maandishi. Oda ya miezi kumi na minane imeupita muda huo zamani. Benki yako inaweza kuwa na utaratibu mpana zaidi; ipigie simu kabla, si baada.

Kama unaishi California, ongeza swali: bastola hiyo imo kwenye orodha ya jimbo ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa? Karakana ndogo ni nadra sana kuwemo.

Hatua ya 5: Tafuta bastola yake iliyochakaa

Bastola mpya mezani hukuonyesha rangi tu. Nenda kwenye mashindano ya USPSA, chama cha mchezo wa shabaha, ya mtaa wenu, uliza nani anatumia kazi ya fundi huyo, na omba kuongea na aliyepiga risasi maelfu. Usimuulize kama anaipenda. Mtu aliyetoa dola 5,000 lazima aipende. Muulize ilirudi karakana mara ngapi, kwa tatizo gani, na ilikaa huko muda gani. Bastola iliyorudi mara moja na kukaa wiki mbili ni sifa kwa fundi. Hata walio bora hurudishiwa kazi.

Hatua ya 6: Ikague kwenye kaunta kabla ya kusaini

Imefika. Usikurupuke kusaini. Mwombe mwenye duka ruhusa, kisha toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba kwa jicho na uipapase kwa kidole. Elekeza mdomo wa mtutu pale atakapokuonyesha. Risasi yoyote isiwe karibu.

Anza na kidole gumba. Slaidi ikiwa imefunga, bonyeza sehemu ya nyuma ya mtutu inayoonekana kwenye dirisha la kutolea maganda. Usisogee hata unywele. Ukishuka na kupanda kama kitufe, mtutu haujakaa vizuri kwenye meno yake ya kufungia, na hakuna mng'aro wa nje utakaorekebisha hilo. Kisha vuta slaidi polepole: unatafuta mwendo ulio sawa mwanzo hadi mwisho, bila sehemu inayokwaruza. Kubana sana si ubora. Wapo watakaokwambia ni kawaida bastola kukwama mpaka ipige risasi 500 ndipo "izoee". Kwangu, fundi aliyelipwa kwa saa zake alipaswa kuizoeza mwenyewe.

Toa slaidi, tazama njia ya kupandia risasi. Kwenye mtutu wa kawaida wa .45, njia ya fremu na mdomo wa chemba viachane kwa nafasi ndogo ya takriban milimita 0.8. Visigusane, na mdomo wa mtutu usijitokeze juu ya njia ya fremu, kwani risasi itajigonga hapo.

Ifunge tena, uje kwenye usalama. Vuta nyundo, pandisha kufuli ya kidole gumba, vuta triga kwa nguvu kidogo, iachie. Shusha kufuli: nyundo isianguke. Sasa sogeza sikio, uivute nyundo nyuma taratibu sana. Ukisikia "tik" ndogo, kishikizo kilisogea wakati kufuli ilikuwa juu. Bastola hiyo haitoki dukani kwangu. Fanya hivyo hivyo kwa kufuli ya mpini, ile ya nyuma inayobanwa na kiganja, ukiishika bastola bila kuibana kufuli hiyo. Mwisho, rudisha slaidi nyuma kama milimita sita, ishikilie hapo, vuta triga: nyundo isianguke.

Triga ya kubeba kila siku naitaka iwe karibu na pauni 4, yaani kilo 1.8. Fundi anayejisifu kwa pauni 2 kwenye bastola ya kujilinda anatafuta kusifiwa dukani. Na tafadhali, usiachie slaidi ijipige yenyewe bila risasi ndani. Wenye kazi hizi huudhika, na wana haki.

Ukikuta kasoro, sema kabla ya kusaini fomu. Bastola isiyokabidhiwa inarudi kama mpya. Ikishakuwa kwa jina lako, ni iliyotumika.

Hatua ya 7: Uwanjani

Karatasi ya shabaha iliyokuja ndani ya boksi iulize mambo manne: umbali, risasi gani, nani alipiga, na bastola ilikuwa mkononi au kwenye mashine. Mtengenezaji Les Baer hutoa dhamana ya inchi 3 kwa yadi 50, na ukiongeza hela inchi 1.5. Hiyo ni ahadi yenye umbali ndani yake. "Sahihi kupita kiasi" haina umbali.

Piga kwa aina mbili tatu za risasi na magazini zaidi ya moja, na kila inapokwama andika: magazini namba ngapi, risasi gani, ganda lilibaki wapi. Ikikwama kwa magazini moja tu, badilisha magazini. Ikikwama kwa zote na ganda likabaki limesimama dirishani, mwelekeo ni ekstrakta, na hiyo ni kazi ya fundi, si yako.

Kwa matengenezo, sheria ya shirikisho inakuruhusu kumtumia mtengenezaji moja kwa moja naye akurudishie mwenyewe, bila kupita dukani tena, ingawa kampuni za usafirishaji zina masharti yao makali na inabidi uzipigie kwanza. Weka nakala ya yale maandishi ya kukwama ndani ya boksi, na picha za maganda. Fundi mzuri atakupigia siku inapofika kukuuliza swali moja au mawili. Akikaa kimya mwezi mzima, mwandikie barua ya kawaida ya posta yenye saini ya kupokelewa, ukinukuu kifungu cha waranti.