Hujawahi kuwasikiliza Queen, bendi ya roki ya Uingereza? Anza hivi

Usianzie kwenye mkusanyiko wa nyimbo zao maarufu. Tafuta albamu ya 1975, A Night at the Opera, vaa hedifoni masikio yote mawili, nenda moja kwa moja kwenye Bohemian Rhapsody.

Mara ya kwanza mfuate mwimbaji wao Freddie Mercury tu, mzaliwa wa Unguja, 1946. (Sisi wa Mji Mkongwe tuna upendeleo, najua.) Mara ya pili msahau kabisa, usikilize zile sauti zilizorundikana katikati ya wimbo. Ni yeye, Brian May na Roger Taylor peke yao, wamejirekodi juu ya sauti zao tena na tena hadi wakawa kwaya nzima. Zile za juu kabisa ni za Taylor, mpiga drami!

Kisha gitaa. May alilitengeneza nyumbani na baba yake, shingo yake ni mbao za meko ya zamani, naye hulipiga kwa sarafu ya peni sita. Sehemu ya makali ya mlio wake inatoka hapo.

Besi ya John Deacon itafute kwenye Another One Bites the Dust, ila si kwa spika ya simu, utapunjika. Video ya onyesho lao kwenye tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley, London, Julai 1985, iweke mwisho, na mtu asikuongeleshe.